Dhana na Yakini Katika Bonde la Kilombero

Kabla ya daraja lililozinduliwa mwaka 2018, msafiri aliyetoka Ifakara kwenda Mahenge hakuwa na budi kushuka ukingoni mwa mto Kilombero, akangoja pantoni pamoja na kaumu ya watu asiowajua. Na kwa kuwa kungoja kwenyewe aghalabu kulikuwa kurefu, hasa wakati wa masika mto ulipofura na kuzimeza mbuga za pande zote mbili, watu hawakuwa na shughuli kubwa illa kutazamana. Macho hayana pazia. Mwenye tenga la kambale walimwita Mndamba. Mwenye magunia ya mpunga walimwita Mbunga. Aliyejifunga shuka na kushika fimbo walimwita Msukuma, ijapokuwa pengine alikuwa Mbarbaig au Mmasai. Na kijana aliyevaa viatu vizuri, asiye na mzigo ila mkoba mdogo alioubana kwapani, huyo walisema bila ya kumwuliza kuwa ni mtu wa madini anayepanda Mahenge. Mara nyingi walipatia, na huko kupatia mara nyingi ndiko kunakoilea dhana hata ikavimba na kujiona kuwa ni yakini.

Taarikhi ya bonde hili imekwisha kuandikwa kwa upande wa vita vyake, wa kilimo chake cha mpunga na miwa, na wa maradhi yake, kwani maabara ya Waswisi iliyofunguliwa Ifakara katika miaka ya 1950 na baadaye ikageuka kuwa taasisi kubwa ya utafiti wa afya imelifanya jina la mji huu lijulikane kwa wataalamu wa malaria duniani kote. Hapa nataka kuitazama kwa upande mmoja tu ambao haukutazamwa sana, nao ni namna watu wa bondeni, na wale waliokuja kuwatawala, walivyoamua nani ni nani na nani kafanya nini, wakati ambapo aliyenyosha kidole hakuwa na hoja nyingine isipokuwa macho yake mwenyewe na yale aliyokwisha kuyasadiki kabla hajafumbua macho hayo.

Katikati ya karne ya kumi na tisa Wambunga, ambao asili yao imefungamana na majeshi ya Kingoni yaliyopanda kutoka kusini, waliingia bondeni wakaishika nchi ya Ifakara na kandokando yake. Watu wa pwani na wa misafara, ambao habari za majeshi hayo ziliwatisha kuliko majeshi yenyewe, walimkusanya kila mwenye ngao ndefu ya ngozi na manyoya kichwani wakamtia katika jina moja, Maviti au Mafiti, bila ya kujali ametoka wapi wala anasema lugha gani. Basi likatokea jambo ambalo wanafunzi wa saikolojia wangepaswa kulijua zaidi: watu wengine wakaivaa dhana hiyo makusudi. Joseph Thomson, kijana wa Kiskochi aliyeachiwa uongozi wa msafara mwaka 1879 baada ya mkuu wake Keith Johnston kufariki Behobeho, alieleza kuwa Wamahenge walikuwa wameiga ngao na mavazi ya vita ya Kizulu, na kwa kuiga huko wakaogopwa na majirani. Kwa hiyo kukosewa kutambuliwa kulikuwa ngome. Mtu hakuhitaji kupigana maadamu aliyemwona kwa mbali alikwisha kukimbia.

Lakini vazi la kutisha halivuliki kwa urahisi siku ambapo halifai tena. Mwezi wa Agosti 1905 vita vya Maji Maji vilipofika bondeni, Wambunga na Wapogoro waliishambulia Ifakara wakawaua askari waliokuwapo, na tarehe 30 ya mwezi huo wakaiendea boma ya Mahenge, ambako bunduki za mtombo ziliwafyeka. Kiwanga, mtema, yaani mtawala, wa Wabena, alishika upande wa Wajerumani na akauawa katika vita hivyo. Tangu hapo katika vichwa vya watawala kila kaumu ikapata sura yake moja, huyu mwasi na yule mtiifu, na sura hizo zikadumu kupita watu wenyewe. Wajerumani walipoona kuwa hawawezi kumtenga mpiganaji na mkulima, waliteketeza mashamba na maghala. Na njaa, tofauti na hakimu, haihitaji shahidi wa kuitambulisha kwa mtu. Waliokufa kwa njaa katika nchi za kusini walikuwa wengi mno kuliko waliokufa kwa risasi, na ndani yao walikuwamo wasiopata hata siku moja kushika mkuki.

Waingereza walikuja na kalamu badala ya bunduki, nao pia walikuwa na mapenzi yao. Kitabu cha A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick juu ya Ubena wa mitoni, kilichotoka mwaka 1935 pamoja na sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga, ni hazina ambayo hakuna mwanahistoria wa bondeni anayeweza kuikosa. Walakini mwenye kukisoma hana budi kukumbuka kuwa anasimama barazani kwa mtema, na kwamba Wandamba, watu wa mitumbwi na nyavu waliokuwa wenyeji wa maji hayo, anawaona kwa jicho la waliowatawala. Afadhali kidogo ulikuwa utafiti wa mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walipotumwa vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji, ijapokuwa mzee aliyeulizwa mwaka ule alikuwa akikumbuka mambo ya miaka sitini na mitatu nyuma, yaliyokwisha kusimuliwa mara nyingi hata msimulizi mwenyewe asiweze kutenga alichokiona utotoni na alichokisikia jikoni kwa nyanya yake.

Nimefika sasa penye jambo lenyewe, maana hapana mahali ambapo bonde hili lilihangaika zaidi na shaka ya nani kafanya nini kuliko katika uchawi. Mchawi haonekani akitenda. Ndiyo maana anapotafutwa, kinachoonekana badala yake ni alama: uzee, ujane, upweke, ulimi mkali, shamba lililostawi mwaka ambao ya wenzake yamekauka. Zamani tuhuma hizo zilipelekwa kwenye mwavi, gome la mti wenye sumu, ambalo mtuhumiwa alinyweshwa: akitapika amesalimika, akifa amehukumiwa. Wakoloni waliuharamisha mwavi, na Waingereza kwa sheria ya uchawi ya mwaka 1928 wakafanya kosa si kujidai uchawi tu bali hata kumtaja mwingine kuwa mchawi. Na papo hapo, katika sheria hiyohiyo, wakampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa akakae mahali maalumu atakapochaguliwa. Yaani dhana ilikatazwa kwa raia ikaruhusiwa kwa serikali.

Penye pengo hilo ndipo uliposhamiri mtindo wa kunyolewa. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, watu wa Ulanga na Kilombero waliosongwa na tuhuma walisafiri kwenda Ihowanja, upande wa magharibi wa Ulanga ya zamani ambao sasa ni Malinyi, kwa mganga mashuhuri Bibi Kalembwana. Msomi wa Kiingereza Maia Green, aliyekaa na Wapogoro na kuandika mengi juu ya jambo hili, ameonyesha kuwa safari hiyo haikuwa ya kificho: mtuhumiwa aghalabu alifika na jamaa zake, pengine na barua ya viongozi wa kijiji, akalipa ada, akangoja zamu yake kama anavyongoja mtu zahanati. Kisha wembe ulipita kichwani, kidevuni, kwapani na mwili mzima, kusibaki unywele, na dawa ikafuata. Watu wa bondeni waliuelewa wembe huo bila ya kufafanuliwa, kwani ndio uliowaondolea wafiwa uzito wa msiba. Aliyenyolewa anatoka upya. Wengine kwa mzaha wakapaita mahali pa namna hiyo saluni.

Ajabu yake ni hii: mshtaki naye alinyolewa. Aliyesema, ‘Mama huyu ameniulia mtoto,’ na mama aliyesemwa, wote wawili walikaa chini ya wembe mmoja wakapewa dawa moja, ambayo ilikuwa iuzime uchawi kama ulikuwapo na imwadhibu atakayeurudia. Dawa haikuuliza nani alisema kweli. Hapakuwa na hukumu, na kwa kuwa hapakuwa na hukumu hapakuwa na haja ya ushahidi. Mama alirudi kijijini bila ya kupewa jina la mchawi wala cheti cha usafi, bali katika hali ya tatu ambayo mahakama zetu hazina nafasi nayo. Sisemi kuwa ilikuwa haki. Kizee aliyevuliwa na kunyolewa kwa sababu ya maneno ya jirani alivunjiwa heshima, hata kama jirani naye alivunjiwa, na Kanisa Katoliki la Mahenge, lililowatenga na sakramenti waumini waliokwenda kunyolewa, lilikuwa na sababu zake. Lakini waliobuni utaratibu huo walikuwa wamefahamu jambo ambalo wataalamu wa vyuo vikuu walikuwa wakilitafuta kwa jitihada nyingi: kwamba tuhuma ina makao mawili, kwa anayetuhumiwa na kwa anayetuhumu, na kwamba kumsafisha mmoja bila ya mwenziwe ni kazi ya nusu.

Wembe mwingine ulikuwa ukifanya kazi Marekani. Gordon Allport na Leo Postman wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliochapisha mwaka 1947 kitabu juu ya uvumi, walikuwa na mchoro wa behewa la treni ya mjini, ndani yake Mzungu mmoja na mtu mweusi mmoja wamesimama wakibishana, na wembe umo mkononi mwa Mzungu. Mtu wa kwanza aliuangalia mchoro akamweleza wa pili asiyeuona, wa pili akamweleza wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mlolongo; na katika zaidi ya nusu ya majaribio, njiani wembe ulihama ukaingia mkononi mwa mtu mweusi. Hakuna aliyekusudia kusema uongo. Habari ilipopungukiwa na maelezo, kila msimulizi alijaza pengo kwa picha aliyokuwa nayo tayari nyumbani kwake, na katika nyumba za Marekani ya wakati ule picha hiyo ilikuwa imekwisha kutundikwa ukutani. Waswahili husema lisemwalo lipo na kama halipo laja. Katika jaribio hili lilikuja kweli, likiwa na makali. Nami siwezi kujizuia kutaja kichekesho kimoja: waandishi wa sheria wengi waliolitaja jaribio hilo baadaye wamelieleza kuwa ni la mashahidi wa macho, ilhali katika mlolongo ni mtu wa kwanza peke yake aliyeuona mchoro. Habari juu ya uvumi nayo ilitembea ikabadilika.

Kabla yao Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyefundisha hukohuko Harvard, alikwisha kuonya mwaka 1908 kuwa shahidi mwaminifu anaweza kukosea vibaya kuliko mwongo, wanasheria wakamdhihaki. Dhihaka hiyo haikudumu. Huku kwetu Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliweka mwaka 1936, katika shauri la Mwango mwana wa Manaa, kanuni za gwaride la utambulisho ambazo polisi wa Tanzania wanazifuata hata leo katika maagizo yao. Mshukiwa atasimama katikati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali. Atajichagulia mwenyewe mahali pa kusimama, na akipenda atahama baada ya kila shahidi. Afisa anayepeleleza kesi hataliongoza gwaride. Mashahidi hawatamwona kabla, wala aliyekwisha kutambua hatachanganyika na anayengoja. Na shahidi atamgusa yule anayemtambua. Hili la kugusa limenipendeza siku zote. Kidole kinachonyoshwa kutoka mbali kinaweza kuyumba kati ya watu wawili, lakini mkono uliofika begani mwa mtu umekwisha kuamua, na mwenye mkono anausikia uzito wa uamuzi huo.

Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani ambalo kila wakili wa nchi hii analijua kwa moyo, ilikwenda mbali zaidi ikasema kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina iliyo dhaifu kabisa, nao usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa na mahakama iridhike kuwa hauna pa kuvuja. Hakimu atazame muda ambao shahidi alimtazama mtu huyo, umbali uliokuwa kati yao, kama ulikuwa mchana au usiku na mwanga ulikuwaje, na kama alikuwa akimfahamu kabla. Ndiyo sababu hukumu zetu zimejaa taa. Mtu wa nje akizisoma atashangaa kuwakuta majaji wa rufani wakijadili kwa makini ukubwa wa mwanga wa koroboi iliyokuwa juu ya meza, au kama chemli ilikuwa chumbani au barazani, na wakati mwingine wakimwachia huru mtu aliyehukumiwa kufungwa miaka thelathini kwa sababu shahidi alisema tu kuwa taa ilikuwa inawaka asiseme inawaka vipi. Hata aliyedai kumtambua jirani yake hasadikiwi hivi hivi, kwa kuwa mahakama imekwisha kuona kuwa watu hukosea hata kwa ndugu zao.

Na bado ipo kesi ambayo mwanga wote wa dunia usingeisaidia. Tarehe 14 Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa vito waliotoka Mahenge, wa kabila lile la abiria wenye mkoba mdogo kwapani, walikamatwa na polisi Sinza, Dar es Salaam, pamoja na dereva wa teksi aliyewachukua. Wakapelekwa msitu wa Pande, wakapigwa risasi, wakafa wote wanne. Taarifa ya polisi ilisema kuwa ni majambazi waliopora fedha za kampuni siku ile na kwamba waliuawa katika kurushiana risasi. Magazeti yakaichapa, wasomaji wakaisoma, na siamini kuwa wengi walitaabika kuuliza, kwani picha ilikuwa kamili: vijana, wageni mjini, fedha, teksi. Ndugu na jamaa zao walipaza sauti, na Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa hajatimiza hata miezi miwili Ikulu, aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, nayo ikabaini kuwa marehemu hawakuwa majambazi bali wafanyabiashara. Askari kadhaa, wakiongozwa na Abdallah Zombe aliyekuwa na madaraka makubwa ya upelelezi Dar es Salaam, walishtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2009 Jaji Salum Massati aliwaachia huru. Jamhuri ikakata rufani. Na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, ikamhukumu kunyongwa, na kuwaacha wenziwe, Zombe akiwemo, wakiwa huru.

Sina haja ya kuamua hapa kilichokuwamo moyoni mwa kila askari usiku ule; mahakama zilipewa kazi hiyo zikaifanya kwa namna zilivyoweza. Ninalolitazama ni taarifa ya kwanza. Iwe aliyeitunga alikosea au alijua, aliwategemea wasikilizaji wake waikamilishe kazi, na wao waliikamilisha bila ya kulipwa. Wamahenge wa mwaka 1879, kama Thomson alisema kweli, waliivaa sura ya kutisha wakapona. Wafanyabiashara wa mwaka 2006 walivikwa sura ya kutisha baada ya kufa.

Katika bonde lenyewe sura inayochorwa siku hizi ni ya mfugaji. Mbuga za mafuriko za Kilombero, hekta 796,735, ziliandikishwa mwaka 2002 katika mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu wa Ramsar; na wafugaji walikuwa wakiingia tangu zamani kidogo, wengine wakisukumwa na operesheni ya kuwaondoa Ihefu na Usangu mwaka 2006, mpaka mwishoni mwa mwaka 2012 nao Kilombero wakaondolewa kwa nguvu pamoja na ng'ombe wao. Waliobaki na waliorudi wanaitwa kwa jina moja la Wasukuma, wawe ni nani. Mkulima husema kuwa Msukuma hana mpaka, naye mfugaji husema kuwa watu wa hapa ni wavivu wanaosubiri mto uwalimie. Visa vya mpunga kulishwa ng'ombe vimetokea, na vya watu kupigwa, na vya watu kuuawa, na aghalabu ni usiku.

Kisa cha namna hiyo kikifika mahakamani Ifakara, na mkulima akasimama kizimbani akasema kuwa alimwona mshtakiwa shambani mwake, hakimu atamwuliza alikuwa umbali wa hatua ngapi, mbalamwezi ilikuwaje, tochi ilikuwa ya nani na ilimulika upande gani, alimtazama kwa muda gani, alipata kumwona siku nyingine. Yote hayo ni maswali ya taa, na ni mema. Lakini jambo alilokwisha kulisadiki mkulima huyo juu ya wenye fimbo na shuka, kabla ya usiku ule kuingia, halimo katika orodha ya mwaka 1980, wala hakuna sheria inayomlazimisha hakimu kulitafuta. Wakili hodari angeweza kulichokonoa katika kumhoji shahidi. Ila mshtakiwa wa kesi ya mifugo kwa kawaida hujitetea mwenyewe, kwa Kiswahili asichokizoea, na akiulizwa kama ana swali kwa shahidi hujibu kuwa hana.